Damu ya Duara la Pili

Siku ya kwanza daktari alipoingia saiba yetu, duka la intaneti pale Kitale, alifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Kisha akafuta kibodi. Nafikiri hata mimi angenifuta kama ningekaa karibu zaidi.

Ulikuwa mwaka ule wa kura ya maoni, ndizi ni ndio na chungwa ni la, na ukuta wetu wa nje ulikuwa umebandikwa picha za machungwa hadi wateja wengine walichungulia kuuliza bei. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne chenye D plasi, na ndoto nyingi kuliko nguo. Asubuhi nilikuwa mtangazaji wa redio, mchana nilikuwa mwenye saiba zangu tatu, jioni nilikuwa nimepanda ndege kwenda mahali ambapo bado sijachagua. Katikati ya hayo yote niliwapigia watu chapa, nikawaprintia, na kuwafungulia barua pepe wale ambao hawakujua kwamba neno la siri halisemwi kwa sauti.

Huyu hakuwa daktari wa kudunga watu sindano. Alikuwa daktari wa kuandika. Alisomea kinga ya mwili, yaani vile damu inajifunza kupigana na ugonjwa, na utafiti wake wa malaria ulikuwa upande wa Bungoma, ingawa mwenyewe alilala kwao, mahali paitwapo Kwanza, kwenye nyumba ya mabati mekundu katikati ya mahindi ya babake. Sasa alitaka kupandishwa cheo. Wakubwa wake walikuwa wamemwagiza orodha ya makala zote alizowahi kuchapisha, na kando ya kila makala iandikwe watafiti wengine wameitaja mara ngapi katika makala zao.

Nilimuuliza kama wanaotaja ni wale walioisoma wakaipenda.

"Si kupenda," akasema, polepole, kama mtu anayemfundisha mbuzi kupiga mswaki. "Kutajwa. Mtu ukitajwa, uko. Usipotajwa, hauko."

Kwetu mtu akianza kutajwa sana, watu huulizana amefanya nini. Lakini mteja ni mteja. Nikafungua ukurasa mpya.

Makala zilikuwa kumi na moja. Angeweza kuniachia karatasi nikanakili, lakini alisimama nyuma ya kiti changu akanisomea vichwa vyake kimoja kimoja, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya washindi. Kila kichwa kilikuwa kirefu kama mkia wa foleni ya mbolea. Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alisikiliza hadi cha saba, akaniuliza kwa upole, "Huyu naye anasimamia upande gani, ndizi ama chungwa?" Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alirudia cha saba.

Nilikuwa na sababu yangu ya kumvumilia. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa amemfanyia kazi misimu mitatu ya mvua huko Malakisi, upande huohuo wa Bungoma. Yeye ndiye aliyezunguka boma kwa boma na kisanduku chake, akiwadunga watoto kidole na kudondosha damu kwenye kadi ya karatasi nene iliyochapwa maduara manne. Damu ikikauka, kadi inaingia bahasha, na kila Ijumaa dereva wa daktari anapitia bahasha hizo. Shangazi aliipenda kazi ile kuliko vile watu wanavyopenda kazi. Hata baada ya utafiti kuisha, ukimpata akifunga majani ya tumbaku kwenye fito kama kibarua, angekueleza kwa nini kidole cha pete cha mtoto hutoa damu vizuri kuliko cha shahada.

Sasa chuo kimoja cha Bungoma kilikuwa kimetangaza nafasi za kusomea usaidizi wa maabara kwa watu wazima wenye uzoefu, mwisho miaka arobaini. Shangazi alikuwa na thelathini na tisa na miezi kadhaa. Ile ilikuwa nafasi ya mwisho. Mwaka ujao karatasi zingesema amezeeka. Alihitaji kitu kimoja tu, barua ya aliyemfanyia kazi ikieleza alifanya nini, aende nayo kwenye usaili Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alikuwa amefika ofisi ya daktari mara nne. Mara ya kwanza hayupo, mara ya pili yuko kwenye mkutano, mara ya tatu ndiyo anatoka, mara ya nne akaambiwa aache namba ya simu, naye hana simu.

Kwa hivyo nilipomwona mtu mwenyewe ameketi mbele yangu nilifurahi. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Nikamweleza kuhusu shangazi, boma kwa boma, misimu mitatu.

"Wale wa vidole?" akasema bila kuinua macho. "Walikuwa wengi. Siwezi kumkumbuka kila mmoja."

Walikuwa wawili. Na huyo wa pili aliumwa na mbwa wiki ya kwanza, hakurudi tena.

"Malizia hii kwanza," akaongeza. "Halafu tutaona."

Nikamalizia. Siku zile intaneti ilikuja kwa waya wa simu, ikipiga kelele kama paka amefungiwa kabatini, na ukurasa mmoja ulifunguka kuanzia juu kushuka chini, taratibu, hadi unaweza kunywa chai ukisubiri jina la mwandishi. Nilitafuta kila makala kwa jina lake, nikaangalia nani ameitaja. Na hapo ndipo heshima kidogo niliyokuwa nayo ilianza kuvuja.

Makala yake ya tatu ilikuwa imetajwa kwenye ya nne. Ya nne ilitajwa kwenye ya tano. Ya tano ilitajwa mara mbili kwenye ya sita, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, isije ikasahaulika. Wote hao waliokuwa wakimtaja walikuwa yeye. Alikuwa kama mtu anayepiga hodi nyumbani kwake, anazunguka mlango wa nyuma, anaingia, na kujijibu karibu. Waliobaki wengi walikuwa mtu mmoja, na nilipoangalia anwani yake nikaona ni mwenzake wa ofisi iliyofuatana na yake. Huyo alimtaja daktari, daktari akamtaja yeye, kama majirani wanaopelekeana sahani ileile ya ugali hadi inapoa, na hakuna aliyekula.

Nilimuuliza kama nitoe hizo za kujitaja.

"Weka zote. Hesabu ni hesabu."

Nikaweka. Hata hivyo jumla ingekuwa ya kuaibisha kama si makala moja, ya nane. Hiyo ilikuwa imetajwa na watu wa nchi nyingi, watu ambao hawakumjua, na ilikuwa na mitajo mingi kuliko zingine zote zikiwekwa pamoja. Alipoona namba hiyo kwenye skrini alitabasamu kwa mara ya kwanza, akaniomba niiandike kwa wino mzito.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Alipoondoka nikaprinti ile makala ya nane, nikaprinti na kurasa za wale waliomtaja, nikachukua kamusi niliyobaki nayo kutoka shuleni. Kiingereza chake kilikuwa kimevaa suti juu ya suti, lakini ukikivua polepole kinasema jambo dogo tu. Ilisema kwamba huko Malakisi, katika kila boma, damu ya mtoto na damu ya mama zilipimwa nguvu ya kupigana na malaria. Za watoto zilitofautiana, kama inavyotarajiwa. Za akina mama zote zilikuwa na nguvu, na ajabu ni kwamba zililingana, boma hili na lile, kana kwamba zimepimwa kwa kikombe kimoja. Daktari alikuwa ametafuta sababu, na kwa kuwa Malakisi ni eneo la tumbaku, akaipata hapo. Ati moshi wa matanuri ya kukaushia tumbaku, ukivutwa miaka mingi, hukomaza kinga ya akina mama.

Nikageukia wanaomtaja. Wa kwanza alisema ametafuta jambo hilo kwenye eneo lingine la tumbaku na hakuliona. Wa pili hakuliona. Wa tatu, mwanamke wa nchi ya mbali, alikuwa ametumia miaka miwili akipima akina mama wanaoishi kando ya matanuri, na kwa adabu kubwa aliandika kwamba anashindwa kuelewa matokeo ya daktari yalitoka wapi. Mmoja baada ya mwingine, karibu wote walikuwa wanamtaja kusema si kweli.

Kesho yake nilimwambia. Nilidhani labda hajui, maskini. Alijua.

"Andika namba," akasema. "Namba haina mdomo."

Jumapili nilienda Malakisi. Nilimkuta shangazi nyuma ya nyumba na rundo la majani mabichi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nikaketi, nikamsaidia kufunga, na huku tukifunga nikamsimulia ile makala kama hadithi, maana nilijua itamchekesha, ati moshi huu unaotukohoza ni dawa. Lakini hakucheka. Alisimamisha mikono.

"Mama gani?" akauliza.

"Mama za watoto. Uliowapima."

"Mimi sikupima mama hata mmoja, mukhana," akasema, akiniita msichana kwa lugha yetu. "Niliambiwa watoto."

Nikachukua karatasi, nikamsomea tena mahali hapo, kwamba kila kadi ilikuwa na damu mbili, duara la kwanza mtoto, duara la pili mtu mzima. Shangazi akaweka fito chini. Kisha akaanza kunieleza, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilizidi kushuka.

Mwanzoni akina mama walimfukuza. Siku ya kwanza maboma matatu mfululizo yalimfungia mlango. Hawakuogopa sindano. Waliogopa damu ya mtoto kwenda peke yake mahali wasipopajua. Mtoto hatumwi safari bila mkubwa, walisema, na damu yake vilevile. Mama mmoja ndiye aliyepata njia: kama kweli kadi hii haina ubaya, basi na wewe weka yako hapo, damu ya mtoto isindikizwe. Shangazi akajidunga mbele yake, akadondosha damu kwenye duara la pili. Mama yule akatoa mtoto. Habari ikatembea mbele yake, na kutoka siku hiyo hakuna boma lililomkubali bila hiyo. Boma baada ya boma, misimu mitatu, alijidunga. Akanionyesha vidole. Ncha zake zilikuwa ngumu kama za mpiga gitaa, na mimi miaka yote nilidhani ni jembe.

Kwa hiyo akina mama wote wa Malakisi wenye damu ya ajabu, waliotajwa katika nchi nyingi, walikuwa mtu mmoja. Alikuwa ameketi mbele yangu na kanga iliyofifia, akifunga tumbaku ya mtu mwingine.

Nilimuuliza kama daktari alijua. Alijua, au aliambiwa, kwa shangazi ilikuwa hivyohivyo. Ijumaa ya kwanza daktari alikuja mwenyewe na dereva. Hakushuka. Alishusha kioo cha gari nusu, shangazi akamweleza pale nje, akimwonyesha duara la pili kwa kidole. Daktari akasema fanya vile wanataka, mimi nataka kadi. Kioo kikapanda. Hakurudi tena, na wale wa kupima maabara, walipoona damu mbili kwenye kila kadi, wakaandika walichodhani.

Hapo ndipo tulicheka. Tulicheka hadi majani yakatuanguka magotini. Nilisimama nikamwiga daktari akisoma kichwa cha makala ya nane, shangazi akajifuta machozi kwa mkono wenye utomvu na macho yakamwasha, tukacheka tena kwa hilo. Kisha akaelekeza kidole upande wa jirani.

"Yule mama wa hapo chini," akasema. "Si alisikia redioni, ati moshi wa tumbaku unazuia malaria? Mtoto wake anamlaza kando ya tanuri. Nilimwambia amtoe, akaniuliza kama najua kuliko daktari."

Akasema atamwendea daktari amweleze kosa hilo. Nilijua kabla hajamaliza kusema kwamba barua itapotea, na nikaanza kumsihi. Nilimwambia achukue barua kwanza. Aende usaili, apate nafasi yake, kisha mwezi ujao amwambie yote anayotaka. Ni siku chache tu. Nilimpangia vizuri sana, mimi ni fundi wa kupanga maisha ya watu.

"Nikichukua barua kwanza," akasema, "nitakuwa nimenyamaza ili anipe. Si atakuwa amenilipa?"

 Nilinuna. Jioni hiyo alishuka kwa yule jirani, akamvua blauzi mtoto akamwonyesha mama kifua kinavyovuta pumzi kwa shida, akamwambia damu iliyosemwa redioni ilikuwa yake yeye shangazi, na malaria ilimlaza mwezi uliopita. Mtoto akahamishwa. Hakuna aliyelitaja hilo kwenye makala yoyote.

Alhamisi, siku moja kabla ya usaili, shangazi alikuja Kitale. Daktari naye alikuwa amesema atachukua faili yake siku hiyo, na alifika saa nane mchana, akafuta kiti. Shangazi alisimama kutoka kwenye benchi la wateja akamsalimia, akajitambulisha, na bila kuzunguka akamweleza jambo la duara la pili. Alisema kwa upole, karibu kwa kumwonea huruma. Alimkumbusha Ijumaa ile na kioo cha gari. Alisema hakuja kumwaibisha, ila watu wanapoteza miaka wakitafuta moshi ambao haupo.

Sijawahi kuona uso ukipitia mambo mengi hivyo bila kusogea. Mwishowe daktari akauliza nani alimruhusu kutia damu yake kwenye kadi za utafiti.

"Wewe."

Aliangalia kama wateja wamesikia. Kulikuwa na kijana mmoja tu, na huyo alikuwa na visikizi masikioni. Daktari akabadilika ghafla, akawa mtu wa watu. Akasema kumbe ndiye yeye, anamkumbuka sana, mchapakazi, na barua iandikwe sasa hivi, kwa nini hakumwambia mapema. Akanigeukia akaanza kunitajia maneno nipige chapa. Ilikuwa barua nzuri, sijui nisemeje. Uaminifu, bidii, ustadi wa mikono, upendo kwa watoto. Nilipokuwa napiga, moyo wangu ulikuwa tayari umefika Bungoma. Akaniongezea mstari wa mwisho, kwamba damu zote za watu wazima katika utafiti huu zilichukuliwa na mfanyakazi huyu kutoka kwa mama za watoto, kama alivyoelekezwa. Nikaprinti. Akatoa mhuri kwenye mkoba, maana mtu huyu alitembea na mhuri wake kama wengine wanavyotembea na kitana, akapiga, akatia sahihi.

Shangazi akaniomba nimsomee kwa Kiswahili.

Nilimsomea. Nilipofika mstari wa mwisho nikasita. Nilijua nikiuruka ataikunja, atashukuru, na kesho ana nafasi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu. Daktari alinitazama, na ni mara moja tu kwa siku zote zile aliponitazama kama mtu, na macho yake yalikuwa yananiambia niuruke. Nafikiri ndicho kilichonifanya niusome. Kama angetazama kando, sijui.

"Toa huo mstari," shangazi akamwambia.

"Barua ndiyo hiyo."

Shangazi akaitazama tena, akaupitishia mhuri kidole kama anayeonja ubora wa kitambaa. Kisha akairudisha mezani.

"Ni barua nzuri, Daktari," akasema. "Lakini inamsifu mtu mwingine."

Daktari alichukua faili yake, akaichukua na barua, akamuuliza kesho ataomba barua kwa nani, na akaondoka bila kusubiri jibu. Nilikaa nikalia. Shangazi ndiye aliyenibembeleza, ndio ujue vile mambo yalikuwa yamepinduka. Akasema usaili ataenda tu, atawaambia kwa mdomo.

Wakati huo nikakumbuka kwamba makala huwa na anwani ya barua pepe chini ya ukurasa wa kwanza. Ya yule mwanamke wa nchi ya mbali ilikuwapo. Tulimwandikia. Shangazi alisema kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa Kiingereza cha D plasi, na tulipokwama kwenye neno tuliliacha tukaeleza kitendo. Tuliandika jinsi akina mama walivyokataa, damu ilivyosindikizwa, duara la pili, kioo cha gari. Tuliandika kwamba kesho ana usaili na hana barua. Hatukumwita daktari mwongo, shangazi alikataa. Nilibonyeza kutuma saa kumi na moja jioni, tukaenda kununua mkate.

Asubuhi shangazi alikuwa ameshaondoka kwenda Bungoma nilipofungua saiba. Jibu lilikuwa limefika. Mwanamke yule alisema amesoma ujumbe wetu mara tatu. Alikuwa na maswali mawili, kadi zilikaukia wapi na kila boma alitumia kidole kipya au kilekile. Kisha, chini, alikuwa ameweka aya fupi kwa yeyote inayemhusu: kwamba hajamwona mwandishi wa ujumbe huu, ila mtu anayeeleza alichofanya kwenye kila kadi, hata pale ambapo maelezo yanamharibia, ndiye ambaye yeye angempa damu ashike.

Nikaprinti, nikafunga saiba ya watu katikati ya siku ya kazi, nikaenda Bungoma. Nilimpata shangazi kwenye benchi nje ya mlango wa usaili, watu wawili mbele yake. Nikampa karatasi nikiwa bado nahema.

Ndani walikuwa watatu, alinihadithia baadaye. Mwenyekiti aliisoma karatasi akauliza, "Huyu mtu anakujua?"

"Hanijui. Anajua nilichofanya."

Wakataka aeleze, akaeleza. Mmoja wao alicheka hadi akavua miwani. Wakamuuliza leo akirudi kwenye maboma hayo na mama akakataa, atafanya nini. Akasema atajidunga vilevile, maana mama yule ana haki, lakini ataandika jina lake mwenyewe kando ya duara, kwa herufi kubwa, na aliyemtuma asiposhuka garini atamfungulia mlango.

Mimi nilifukuzwa kazi Jumatatu, nikaajiriwa tena Jumatano, maana mwenye saiba hakujua kuzima modemu.

Daktari alipandishwa cheo. Namba zangu nzuri za wino mzito zilifanya kazi yake, na hakuna hata mmoja kati ya wakubwa wake aliyefungua ile makala ya nane kuona ndani kuna nini. Mwaka uliofuata yule mwanamke wa mbali alichapisha yake, fupi, akieleza kosa lote, na jina la shangazi limo, limeandikwa sawasawa, pamoja na kisa cha damu kusindikizwa. Ili aeleze kosa ilibidi ataje makala yenye kosa. Kwa hiyo mitajo ya daktari ikaongezeka moja. Nilipoona hivyo nilipiga meza kwa kiganja hadi mteja akaniuliza kama mtandao umepotea. Nasikia sasa daktari anaitwa kwenye mikutano.

Shangazi alikubaliwa. Barua ya chuo ilitaka godoro, kufuli mbili na koti jeupe la maabara. Koti ndilo lililotusumbua. Tulizunguka soko la Bungoma asubuhi nzima, na yote tuliyoyapata yalikuwa ya wasichana wembamba waliotoka shule jana. Shangazi ni mtu wa mabega. Mwishowe mama mmoja wa mitumba akatutolea la mchinjaji, jeupe kabisa, zito, lenye mifuko ya kuweka visu. Shangazi akalivaa palepale juu ya gauni, akafunga vifungo vyote, akatembea hadi kwa muuza vitunguu na kurudi.

Mama wa mitumba akamuuliza anafanya kazi bucha gani.

"Ya watoto," akajibu shangazi, na hakulivua hadi tulipofika stendi.